Donge la Nta Dirishani kwa Mkwe

Sehemu ya sita

Kwa aliyechelewa, nimkumbushe upesi. Mimi ni Damiani, fundi kufuli. Nilipunguzwa kazi reli pale Itigi, mwaka ule ambao kila mtu alikuwa anapunguzwa, nikaokotwa na kampuni ya ulinzi ya mjini Singida. Kazi yangu mpya ilikuwa kuiba. Namaanisha kujaribu kuiba, kwa barua na mhuri, ili mwenye ghala ajue mwizi wa kweli angepitia wapi. Watu wakaniita mwizi wa mshahara.

Wiki mbili zilizopita niliwasimulia jinsi sungusungu wa Kinampanda walivyonitandika huku barua yenye mhuri iko mfukoni. Wiki iliyopita niliishia ofisini kwa bosi wangu, Laurian, akinikabidhi mkoba wa ngozi na kuniambia kwamba ghala linalofuata ni la asali, Itigi, na mtunza ghala ni mzee Zefania.

Mzee Zefania ni baba mzazi wa mke wangu.

Leo naungama. Kule Kinampanda nilipigwa bila kosa. Haya ya leo kosa ni langu, na aliyeumia ni mwingine.

Nianze na ule mkoba. Ndani yake kulikuwa na vyuma vyembamba kumi na viwili, vimelala kila kimoja kwenye kimfuko chake kama sindano za daktari. Mchuuzi mmoja kutoka Afrika Kusini alikuwa amemwachia Laurian aujaribu. Unaingiza chuma kwenye tundu la kufuli, unapapasa meno ya ndani moja baada ya jingine, kufuli linafunguka bila mkwaruzo. Ndivyo mchuuzi alivyosema.

Mimi nilikuwa na vyangu. Funguo malaya, karibu arobaini, zimefungwa kwenye waya, nilizotoka nazo karakana ya reli. Ufunguo malaya haubagui mlango, ndiyo maana ukaitwa hivyo. Hazina sura, zina kutu, lakini zimenilisha miaka.

Laurian alitaka nijaribu vyote viwili mahali pamoja, kisha niandike kampuni ichague kipi kwa wapimaji wake wote, Singida mpaka Tabora. Nikamuuliza kama kuna anachopendelea. Akacheka.

"Andika ukweli," akasema. "Lakini ukweli wa kisasa."

Siku hizo mambo yalikuwa hivyo. Milango ya nchi ilikuwa imefunguliwa, cha nje kinaingia kwa malori, na cha kwetu kinatazamwa kama makapi. Nilimwelewa kabisa. Kumwelewa huko ndiko kulikoniponza.

Sasa lile ghala. Ushirika ulikuwa umekufa, warina asali wa Itigi wakaunda kikundi chao na kupata mnunuzi wa nje, wa asali na wa nta. Mnunuzi alikuwa na sharti moja: ghala lipimwe kwanza. Mtunza ghala aliambiwa atapimwa mwezi ule, siku hakuambiwa.

Nikachagua Jumapili asubuhi. Mkwe wangu ni mzee wa kanisa, na ibada ya kwao haitoki kabla ya saa sita. Nilimpa muda aingie na kukaa, ndipo nikasogea mlangoni na mkoba wangu.

Vyuma vya mchuuzi vilishindwa. Nilipapasa nusu saa, jasho linanitoka. Kila nikigusa jino, chuma kinateleza. Ndani ya tundu kulikuwa na vumbi la Itigi limeshikana na kitu laini, kama uji uliolala. Nikachukua malaya zangu. Zote zikagoma, moja baada ya nyingine, hakuna iliyozunguka hata robo.

Ningefunga virago wakati ule, nikaandika kwamba ghala liko salama, leo nisingekuwa na cha kuungama. Ila mimi ni mbishi. Nikaanza kuchungulia huku na huku, nikaona donge kwenye kizingiti cha dirisha, pembeni ya mlango.

Lilikuwa donge la nta, ukubwa wa ngumi. Jua la asubuhi lilikuwa limelilainisha. Na juu yake, mbele na nyuma, kulikuwa na alama ya ufunguo. Kila jino limekaa, kila pengo linaonekana.

Nikaelewa palepale, maana nimeoa kwenye nyumba ya warina asali. Watu hawa nta ndiyo dawa yao ya kila kitu. Mlango ukilia, nta. Uzi ukikatika, nta. Kufuli likishikwa na vumbi la kiangazi, wanakandamiza ufunguo kwenye donge, huku na huku, wanautia tunduni, kufuli linalainika. Mzee Zefania alikuwa akifanya hivyo kila asubuhi na kila jioni, kisha anauvaa ufunguo wake shingoni na kuliacha donge dirishani. Nta ile ile iliyoshinda vyuma vya mchuuzi ndiyo iliyonipa ufunguo.

Nikalibeba donge hadi kwa Simoni. Huyu tulikuwa naye karakana ya reli, tukapunguzwa siku moja, na sasa alikuwa na kibanda chake cha ufundi nyuma ya stesheni. Nikaazima jiliwa la kubania chuma na tupa, nikachukua ufunguo usiochongwa, nikachonga kwa kufuata alama. Haikufika saa nzima.

Simoni alisimama pembeni akitazama. Akauliza nimeitoa wapi alama nzuri namna ile. Hapo ndipo mdomo ukaniponza. Nilimweleza yote, nacheka, machozi yananitoka. Nikamwambia mkwe wangu anaweka ufunguo dirishani kila siku na hajui. Simoni naye akacheka, lakini yeye aliacha kucheka kabla yangu.

Nikarudi, ufunguo ukaingia, kufuli likafunguka kama limemwona mwenyewe. Ndani, harufu ya asali ilinipiga usoni. Nikachora msalaba wa chaki nyuma ya pipa la tatu, ushahidi wangu kwamba niliingia, nikafunga, nikalirudisha donge mahali pake. Kanisani walikuwa bado wanaimba.

Mchana nikala kwa mkwe. Ugali wa mtama na mlenda, mimi kwenye kiti changu mbali kidogo, kama heshima inavyotaka. Alipokwisha kunawa akaniuliza.

"Umeshafanya kazi yako, mkwe?"

"Nimefanya, baba."

"Na kufuli langu?"

"Lilinisumbua sana, baba."

Akafurahi mzee wa watu. Akaniambia kufuli ni kama ng'ombe, ukilitunza nalo linakutunza, na kwamba yeye hulipaka nta kila siku. Alisema hivyo akinitazama machoni, bila wasiwasi wowote. Nami nikatazama bakuli.

Mnaweza kuuliza kwa nini sikumwambia. Kwetu mkwe hamwambii mkwe kosa lake. Hata akikukanyaga mguu, unameza, kisha unamtuma mshenga wako aende na maneno ya kuzunguka, afike taratibu. Na mshenga wangu alikuwa amekufa mwaka mmoja nyuma. Sikuwa na mdomo wa kumtuma. Kumwandika ndiyo ingekuwa mbaya zaidi, maana taarifa ingesomwa mbele ya kikundi kizima: mzee Zefania anaacha alama ya ufunguo dirishani, mkwewe ndiye kasema.

Hiyo ni sababu ya kweli. Naomba mniamini. Ila haikuwa peke yake, na nyingine ndiyo inayoniamsha alfajiri. Nilikumbuka maneno ya Laurian, ukweli wa kisasa, na nilikumbuka kwamba alikuwa anatafuta mkuu wa wapimaji.

Nikaandika hivi: kufuli la ghala limefunguliwa kwa vyuma vya mkoba wa ngozi, dakika kumi na moja. Funguo malaya zimeshindwa. Napendekeza kampuni ichague mkoba. Napendekeza kikundi kiweke kufuli jipya ambalo vyuma haviliwezi.

Dakika kumi na moja. Nilichagua kumi na moja kwa sababu kumi ingeonekana ya kutunga.

Mwezi haukuisha. Laurian akanunua mikoba sita, nami nikawa mkuu wa wapimaji. Itigi wakafunga kufuli jipya, zito, la shaba, nikatumwa kulipima. Safari hii nilipima mchana, mbele ya viongozi wa kikundi. Vyuma vikashindwa kihalali, malaya zikashindwa. Nikaandika taarifa ya pili: kufuli hili halifunguki bila ufunguo wake. Nikatia sahihi.

Wakati natia sahihi, donge lilikuwa dirishani. Nililiona. Alama yake ilikuwa mpya.

Msidhani sikujaribu. Watu walipotawanyika nililichukua nikalitupa kichakani. Nilipopita wiki iliyofuata kulikuwa na jingine, kubwa kuliko la kwanza. Mzee alinieleza kwamba siku hizi mbuzi wamekuwa wezi mpaka nta wanakula. Nikasema ndiyo, baba, mbuzi wa siku hizi hawana adabu. Nikaondoka.

Miezi mitatu ikapita. Jumatatu moja asubuhi mzee Zefania alifungua ghala kama kawaida akakuta nta yote iliyokuwa ikisubiri kusafirishwa imetoweka. Mapipa ya asali yapo, nta haipo. Kufuli lilikuwa limefungwa vizuri, bila mkwaruzo. Yeye mwenyewe alikwenda kupiga ripoti polisi, kwa miguu, na kofia mkononi.

Hakurudi nyumbani. Walimuuliza ufunguo uko wapi, akasema huu hapa shingoni. Wakamuuliza kama amewahi kumpa mtu, akasema hajawahi. Wakamuuliza kama kuna mwingine, akasema hakuna. Kisha wakafungua faili la kikundi, wakakuta karatasi yangu. Kufuli hili halifunguki bila ufunguo wake. Mkuu wa wapimaji, Damiani.

Nilimfunga mzee kwa mkono wangu mwenyewe. Sina namna nyingine ya kulisema hili.

Mke wangu Anastasia alipata habari akipepeta mtama uani, tumbo la miezi saba likiwa mbele yake. Aliendelea kupepeta. Baada ya muda akaniuliza bila kuinua uso.

"Wewe kufungua makufuli ndiyo kazi yako. Hakuna njia nyingine zaidi ya ufunguo?"

"Hakuna," nikasema.

"Kwa hiyo baba aliiba."

Akaweka ungo chini, akaingia ndani, na siku ile alilala kwa jirani.

Nikaenda kwa Simoni. Kibanda kimefungwa, jiliwa limeng'olewa. Majirani wakasema amekwenda Sekenke kuchimba dhahabu. Nilipanda mpaka Sekenke, nikazunguka mashimo yote siku mbili. Hakuna aliyewahi kumwona.

Nikaenda kwa Laurian, nikamfungulia moyo. Mkoba haukufungua chochote, bosi. Ilikuwa nta. Laurian aliinuka akafunga mlango wa ofisi. Alisema kwa utulivu, na utulivu wake uliniogopesha kuliko makelele.

"Ukisimama ukasema hivyo, watauliza nani Itigi anajua kuchonga ufunguo kutoka kwenye nta. Utawaambia nani? Huyo Simoni wako ambaye hayupo? Wataishia kukufunga wewe."

Akaongeza kwamba nikisema, kampuni itasema hainijui, na mikoba yote sita itarudi kwa mchuuzi. Nikaona kwamba mikoba ndiyo ilimuuma zaidi.

Mficha uchi hazai. Siku tatu kabla ya kesi nilikwenda Manyoni, mahabusu, nikaomba kumwona mkwe wangu. Walimtoa amevaa koti lake la kanisani, limekunjamana. Alikuwa amekonda. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza habari za watoto kwanza, kama tuko sebuleni kwake.

Nikamwambia yote. Donge, jiliwa, Simoni, chaki nyuma ya pipa la tatu. Dakika kumi na moja. Kufuli jipya na donge jipya. Mbuzi. Sikumtazama usoni, nilitazama viatu vyake ambavyo walikuwa wamevitoa kamba.

Askari akatazama saa.

"Maneno haya ungemtuma mtu," mzee akasema mwishowe.

"Mshenga alishakufa, baba."

"Najua. Nilimzika mimi."

Nilitaka anitukane. Kweli kabisa, nilisubiri tusi kama mgonjwa anavyosubiri dawa. Hakunitukana. Aliniuliza mimba ya Anastasia ina miezi mingapi. Nikamwambia saba, inaingia wa nane. Akahesabu kwa vidole, taratibu, akatikisa kichwa.

Nikamwambia nitasema mahakamani. Nikaapa. Yeye akainuka, akamwambia askari kwamba amechoka, anaomba arudishwe ndani. Mlangoni akageuka.

"Mtoto azaliwe baba yake yupo," akasema. Akaondoka. Nilidhani ananiombea heri tu.

Siku ya kesi nilishuka Itigi kwanza. Ghala lilikuwa limefungwa kwa amri, lakini dirishani donge lilikuwepo, limeshika vumbi la wiki tatu. Nikalipuliza. Alama ya ufunguo wa shaba ilikuwa imekaa vilevile, mbele na nyuma. Nikalifunga kwenye karatasi, nikaliweka mfukoni, nikachukua tupa na ufunguo mmoja usiochongwa.

Mahakamani kulijaa. Hakimu alikuwa mama mmoja mpole wa sauti, na wazee wa baraza wawili pembeni yake. Mezani waliweka kufuli la shaba, ufunguo wake na taarifa yangu. Mkwe wangu alikuwa kizimbani, koti limenyooshwa, sijui nani alimnyooshea. Anastasia alikaa benchi la nyuma, mikono juu ya tumbo. Hakunitazama.

Nilipoitwa, hakimu alisoma taarifa yangu kwa sauti. Kisha mzee mmoja wa baraza akasema yeye si mtu wa karatasi. Anataka kuona.

"Shahidi amekuja na vifaa vyake," akasema. "Achague anachokiamini, ajaribu kulifungua kufuli hili mbele yetu."

Nikafungua mkoba wa ngozi. Watu wakanyoosha shingo kuviona vile vyuma vinavyong'aa. Nikapapasa, nikapapasa, chuma kikateleza. Nikachukua malaya zangu, nikajaribu zote, moja moja. Zikagoma.

Mzee wa baraza akaegemea kiti. Mwenzake akatikisa kichwa akimtazama mkwe wangu, kama mtu anayesema basi tena. Nikaona jinsi ninavyomzika kwa mara ya pili, safari hii hadharani.

"Una kifaa kingine?" hakimu akauliza.

"Ninacho, mheshimiwa."

Nikatoa karatasi mfukoni, nikaifungua, nikaliweka donge la nta mezani, karibu na kufuli. Nikaweka tupa. Nikaweka ule ufunguo usiochongwa.

"Hiki ni nini?"

"Ni nta, mheshimiwa. Naomba nieleze. Na nikieleza, naomba na mimi niandikiwe kosa langu, kwa sababu taarifa hiyo niliyoitia sahihi..."

"Mheshimiwa."

Mkwe wangu alikuwa amesimama kizimbani bila kuitwa. Mzee Zefania, ambaye maisha yake yote hajawahi kumkatiza mtu maneno. Hakunitazama mimi. Alitazama kule nyuma, benchi la mwisho, kwa mwanawe.

"Msimsumbue mkwe wangu," akasema. "Hakuna njia nyingine. Kufuli nililifungua mimi. Mzigo niliuchukua mimi."

Nyuma yangu nikasikia Anastasia akiita baba, mara moja tu, kwa sauti ndogo ya mtoto.

Hakimu alimtaka arudie. Akarudia, neno kwa neno, amenyooka kama anasoma somo kanisani. Hakimu akaandika. Aliandika polepole, na muda wote huo mimi nilikuwa nimesimama pale nimeishika ile nta mezani, nayo ilikuwa imeanza kulainika kwa joto la vidole vyangu.

Kisha akaweka kalamu chini. Akalitazama donge, akanitazama mimi.

"Shahidi," akauliza, "bado unataka kueleza?"